Usinunue gitaa bila bisibisi

Gitaa langu la umeme lilikaa uvunguni mwa kitanda miezi mitano. Nililinunua Dar es Salaam, jipya, rangi ya siagi, kibao cheusi kifuani, shingo imepakwa vanishi ya rangi ya asali ili ionekane kama imeanza kazi kabla ya Uhuru. Muuzaji aliniapia: "Kama orijino, kaka, hutaona tofauti." Nikalipakata kwenye bajaji mpaka nyumbani. Nilipolichomeka, nyuzi za besi zikawa zinakereza kwenye freti kama bati lililolegea wakati wa upepo, na chodi iliyosikika safi huku karibu na kichwa, nikiisogeza kuelekea tumboni inatoka kama kwaya ambayo mwalimu wake ameachishwa kazi. Wiki ya kwanza nilijilaumu mwenyewe. Ya pili nikamlaumu Mchina. Ya tatu nikalisukuma uvunguni.

Makala hii ni ya kumwomba radhi Mchina yule. Gitaa lilikuwa zima. Kilichokosekana ni kazi ya saa moja na nusu, bisibisi moja na spana moja ndogo, na hakuna aliyeniambia, dukani wala kwingineko, kwamba gitaa la bei nafuu huuzwa likiwa bado linadai kazi hiyo. Suti ya dukani tunaipeleka kwa fundi cherehani apunguze mikono, wala hatusemi aliyeishona ni tapeli. Gitaa tunataka litoke kwenye boksi lipande jukwaani moja kwa moja, na likishindwa tunaliita feki.

Feki ya nani? Umbo la gitaa langu lilibuniwa mjini Fullerton, California, na Leo Fender, fundi redio ambaye hakuwahi kujua kupiga gitaa mpaka anafariki mwaka 1991. Nadhani kutojua huko ndiko kulikomsaidia. Waliomtangulia walikuwa wanafunzi wa mafundi wa fidla: gitaa lina tumbo wazi, mbao zimekunjwa kwa ustadi, shingo imeshikizwa kwa gundi, na siku shingo ikipinda gitaa zima linarudi kwa bingwa. Fender alifikiri kama mtu aliyezoea kupokea redio zilizokufa jioni ya Jumamosi huku mwenyewe anasubiri mlangoni. Alichukua ubao mnene usio na uwazi, akaufunga shingo kwa skrubu nne, nyaya zote akazificha chini ya vibao vinavyofunguka kwa bisibisi. Shingo ikichakaa, fungua, weka nyingine. Mwaka 1950 aliliita Broadcaster. Kampuni ya Gretsch, iliyokuwa na ngoma zenye jina linalokaribia hilo, ikalalamika, na mwaka 1951 likabatizwa Telecaster. Mdogo wake, Stratocaster, alizaliwa mwaka 1954.

Husemwa kwamba lilikuwa gitaa la bei ya mfanyakazi. Hapo nasita. Telecaster ya mwanzoni mwa miaka ya 1950 iliuzwa dola 189.50, na ukihesabu mfumuko wa bei, hizo ni zaidi ya dola 2,000 za leo. Kilichokuwa cha mfanyakazi ni ule ufungaji wake: mpigaji mwenye bisibisi mfukoni aliweza kulitibu mwenyewe nyuma ya jukwaa, kabla wateja hawajamaliza chupa ya kwanza.

Mwaka 1965 kampuni ya Fender iliuzwa kwa CBS kwa dola milioni 13. Mwaka huohuo Fender ilikuwa imenunua kampuni kongwe ya nyuzi iitwayo V.C. Squier. Jina hilo lilikuja kupata kazi mpya mwaka 1982. Wakati huo viwanda vya Japani vilikuwa vinanakili magitaa ya Kimarekani ya miaka ya 1950 kwa uhodari na kwa bei ndogo, hadi wenye asili wakaanza kukosa usingizi. Fender wakaamua kutengenezea hukohuko Japani nakala za magitaa yao wenyewe ya zamani, wakayaandika Squier. Baadaye kazi ikahamia Korea, China na Indonesia. Kwa hiyo mwenye jina ndiye mnakili mkuu wa jina lake, na anayekuuzia nakala ya Squier ya Telecaster ya mwaka 1952 iliyoundwa Indonesia anakuuzia kitu ambacho mwenye mali amekibariki kwa mkono wake.

Na nakala hizo si mbaya. Zamani kuchonga shingo kulitaka mkono wa mtu na jicho la mtu. Sasa mashine inayoongozwa na kompyuta inachonga shingo elfu zinazofanana kama mayai. Kiwiliwili, tundu za skrubu, nafasi za freti, vyote vinatoka sawasawa, iwe gitaa ni la dola 200 au 2,000. Tofauti inaingia pale mashine inapoishia. Kulainisha ncha za freti ni mkono. Kuchimba mifereji sita ya kile kipande cheupe kinachopokea nyuzi kichwani, ifike kina kinachotakiwa, ni mkono. Kukaa na gitaa dakika arobaini ukipima, ukikaza, ukisikiliza, ni mshahara wa mtu. Kiwanda cha bei nafuu kinabana hapo, na kazi hiyo inasafiri baharini ndani ya boksi mpaka kwako.

Kabla sijafika kwa aliyelitengeneza langu, niseme neno juu ya ugonjwa wa orijino, maana hata sisi tusio na hela tunao. Mwezi Juni 2019, jijini New York, Stratocaster nyeusi ya David Gilmour wa Pink Floyd iliuzwa kwenye mnada wa Christie's kwa dola milioni 3.975. Gitaa hilo Gilmour alilinunua mwaka 1970, na kwa miaka mingi alikuwa akilifungua na kulichokonoa. Shingo alibadilisha zaidi ya mara moja. Sumaku za kunasa sauti alibadilisha. Sasa orijino iko wapi hapo, kama si mikononi mwa Gilmour? Halafu kuna wale wanaouziwa magitaa mapya yaliyokwanguliwa rangi kiwandani ili yaonekane yamezeeka, na wanalipa zaidi kwa mikwaruzo hiyo. Kwetu mikwaruzo ni bure; ni suala la kupanda daladala mara tatu.

Hata mbao za asili, wanazoziomboleza sana wapenzi wa mambo ya kale, zimeingia kwenye hesabu nyingine. Mwaka 2017 miti yote ya jamii ya Dalbergia iliwekwa chini ya udhibiti wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, na viwanda vya magitaa ya bei nafuu vikakimbilia mbao nyingine za kuwekea freti. Ilipofika 2019 masharti yakalegezwa kwa vyombo vya muziki vilivyokamilika. Jamii hiyo ya miti tunaijua: mpingo wetu wa Kilwa na Lindi ni mmoja wao. Siwezi kumlilia mtu kwamba gitaa langu lina ubao wa mti mwingine.

Turudi kwenye lile la uvunguni. Lilitolewa na mzee mmoja wa mtaani kwetu Magomeni, aliyepiga gitaa la ridhimu kwenye bendi ya shirika moja la umma, miaka ambayo bendi kubwa zilikuwa za mashirika, za majeshi na za vyama. Alikuja kwa shughuli nyingine kabisa, mtoto akamwambia baba ana gitaa. Nikalileta. Akalishika shingo kama anayempima mgonjwa homa.

"Nani amelitengeneza?"

"China, mzee."

"Sikuulizi nani amelichonga. Nani amelitengeneza?"

Kiswahili kina neno moja kwa kazi mbili: kuunda kitu, na kukirudishia uzima wake. Nimelitumia neno hilo maisha yangu yote bila kugundua kwamba kwa gitaa ni sahihi kabisa. Nusu ya kutengeneza ilifanyika China. Nusu ya pili ilikuwa haijaanza.

Akauliza spana yake iko wapi, ile iliyopinda kama herufi L. Nikamwambia halikuja na spana. "Limekuja nayo," akasema. "Imebaki dukani." Tukaazima kwa fundi pikipiki wa barabarani, pamoja na fila geji anayopimia plagi.

Alianza kwa kung'oa nyuzi zote na kuweka mpya, maana za zamani zilikuwa na kutu kwenye freti za kwanza. Huu ni mji wa bahari. Uzi wa chuma usiopanguswa kwa kitambaa kikavu baada ya kupiga unakufa kabla ya mwisho wa mwezi, na uzi uliokufa hautyuniki hata umwite nani. Akazivuta moja moja kwa kidole mpaka zikaacha kulegea. Kisha akabonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza, na mkono wa pili akaubonyeza pale shingo inapokutana na kiwiliwili, akaniambia nichungulie katikati. Hapakuwa na nafasi. Uzi ulikuwa umelalia freti zote.

Ndani ya shingo ya gitaa la umeme mna nondo nyembamba. Nyuzi zinavuta shingo mbele, nondo inairudisha nyuma, na kazi yote ni kuwapatanisha hao wawili. Yangu ilikuwa imekazwa mno, shingo ikabinuka nyuma, na ndiyo maana besi zilikuwa zinakereza. Akalegeza robo mzunguko, akanywa chai. Akapima. Robo nyingine, chai tena. "Ukiwa na haraka utaivunja," alisema, na nadhani alikuwa anapenda pia chai yetu. Aliacha pale nafasi ilipofika kama robo ya milimita, unene wa kadi nyembamba ya biashara. Zipo nakala ambazo, kwa kutaka kufanana na zile za miaka ya 1950, zimeficha kichwa cha nondo upande wa chini wa shingo, kiasi kwamba kila ukitaka kuigusa lazima uifungue shingo yote. Uaminifu wa namna hiyo kwa mambo ya kale mimi siutaki. Tafuta gitaa ambalo nondo yake inafikiwa kutoka kichwani.

Baada ya hapo alipandisha nyuzi. Hili lilinishangaza, nilidhani fundi mzuri hushusha. Kwa rula ya shule ya mwanangu alipima kwenye freti ya 12: besi akaziweka karibu milimita 2, nyembamba milimita moja na nusu na kidogo. Ubao wa mtindo wa zamani una mgongo uliopinda zaidi kuliko wa kisasa, kama mgongo wa samaki. Nyuzi zikilala chini mno, ukiuvuta uzi pembeni unagonga freti ya jirani na sauti inakatika palepale. Anayetaka umbo la zamani akubali kubonyeza kidogo zaidi.

Jambo la mwisho ndilo lililoponya ile kwaya isiyo na mwalimu. Uzi wa Telecaster, kutoka kichwani mpaka kwenye daraja, una urefu wa milimita 648, na freti ya 12 imekaa katikati, milimita 324. Ukiugusa uzi pale bila kuubonyeza unatoa sauti nyembamba kama filimbi; ukiubonyeza, unapaswa kutoa noti hiyohiyo. Wangu ulikuwa unapanda. Mzee akawasha programu ya kutyuni kwenye simu yangu, akashika bisibisi, akarudisha nyuma kile kipande kinachobeba uzi, ukawa mrefu kidogo, ukashuka, ukatulia. Madaraja ya mtindo wa zamani yana vipande vitatu tu kwa nyuzi sita, kila kimoja kinabeba mbili. Haiwezekani zote zifurahi. Unaupendelea ule unaoupiga zaidi, mwenzake anavumilia. Akamalizia kwa kusaga ncha ya penseli kwenye ile mifereji ya kichwani, ili nyuzi ziteleze zisikwame. Kabla hujalaumu vifungo vya kukazia nyuzi kwamba havishiki, jaribu penseli.

Wenzetu wanaopiga roki wakisoma haya watasema yote ni ya kawaida. Ni ya kawaida, lakini kwetu yana uzito mkubwa zaidi. Gitaa la roki linapita kwenye mitambo inayolikwaruza sauti mpaka linanguruma, na katika mngurumo dhambi nyingi zinasitirika. Dansi haina pa kujificha. Bendi za Msondo na Sikinde zilijenga muziki wao kwa magitaa mawili matatu yanayosukana, kila moja na njia yake, sauti safi kama maji ya mtungi; wimbo ukifika kwenye chemko, mpiga solo anakaa juu kabisa ya shingo, ng'ambo ya freti ya 12, dakika nyingi. Gitaa ambalo halijasawazishwa linaumbuka hapohapo. Benga ya Kenya na sebene ya Kongo ziko kwenye mashaka hayohayo. Kwa hiyo ninapomsikia kijana akisema ataanza kujali mambo ya kutengeneza gitaa akishapata la bei mbaya, naona ametanguliza gari mbele ya punda. Lile la bei rahisi ndilo linalodai fundi.

Mzee alipomaliza alipiga kidogo, ridhimu tu, bila mbwembwe. Nikamwuliza gitaa lake liko wapi. Akacheka. Miaka yote ya bendi hakuwahi kuwa na gitaa. Vyombo vilikuwa vya shirika. Bendi ya NUTA Jazz, iliyoanza mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Nyingine zilikuwa za jeshi, za kiwanda, za jiji. Utaratibu huo uliwapa wanamuziki mshahara, na sitaki kuubeza, kwa kuwa muziki uliotoka humo ndio tunaouita zilipendwa hadi leo. Lakini mpigaji akihama bendi, aliondoka na vidole vyake tu. Chombo kilibaki stoo, na mtunza stoo alikuwa na funguo.

Vijana wengi ninaowajua leo wanajifunzia gitaa kanisani, na vyombo ni vya kanisa. Ukigombana na mwalimu wa kwaya, umegombana na gitaa. Ndiyo maana nalipigia debe gitaa hili la bei nafuu la mtindo wa zamani: kwa mara ya kwanza mpigaji wa kawaida anaweza kujikusanya akawa na chombo ambacho ni chake, na ambacho kiliundwa tangu mwanzo ili mwenyewe akifungue. Si rahisi, najua. Dola 200 ni fedha nyingi kwa mtu anayelipwa kwa siku. Lakini ukihesabu mfumuko wa bei, ni sehemu ndogo tu ya kile ambacho babu yake wa Marekani alilipa mwaka 1952.

Ukiamua kununua, usimalize fedha zote kwenye gitaa. Bakiza za seti mbili za nyuzi, waya mzuri, amplifaya ndogo, na za kumpa fundi kama huna moyo wa kushika spana. Dukani usianze kwa kuangalia rangi. Liinue, lielekeze shingo machoni kama anayelenga bunduki, utazame kama imenyooka au imejikunja upande. Kupinda kwa mbele au nyuma nondo inaponya, kujikunja kama kamba hakuna dawa. Pitisha kiganja pembeni mwa shingo, freti zisikukwaruze. Kama unaishi Dodoma, mahali pakavu zaidi ya pwani, tarajia ubao usinyae kidogo na ncha za freti zitokeze. Tupa laini inamaliza. Bonyeza kila uzi kwenye kila freti, hata muuzaji akikunja uso. Zungusha vitufe, tikisa waya kwenye tundu lake. Sumaku zake zitavuma ukikaa karibu na friji au taa ya tyubu. Hiyo ni tabia ya aina hii tangu mwaka 1950, geuka upande mvumo utapungua. Stratocaster yenye mkono wa kutikisa sauti inapendeza machoni, ila kwa gitaa la kwanza la bei ndogo ningechukua Telecaster yenye daraja lisilocheza. Springi za bei rahisi zinapoteza tyuni, na anayeanza hajui kama kosa ni la springi au ni lake.

Jina lililoandikwa kichwani lisikunyime usingizi.

Na ombi moja kwa wenye maduka ya vyombo vya muziki, Kariakoo na kwingineko. Ile spana ndogo iliyopinda, inayokuja kwenye kifuko cha nailoni ndani ya boksi, ni ya mteja. Mpeni aondoke nayo.